Kamba ya Sindano

Ombati hakuzaliwa kwenye mambo ya farasi. Kwao, juu ya vilima vya Kisii, farasi alikuwa mnyama wa kusikia tu, mnyama wa Wazungu na wanajeshi. Aliteremka Sotik akiwa kijana, akapata kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja aliyeitwa Bwana Kroft. Akakamua mpaka msimu mmoja wa mvua ya mawe, farasi jike wa Bwana Kroft alipozaa kabla ya wakati na kufa palepale zizini. Mtoto aliyebaki alikuwa na miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Bwana Kroft alimtazama kidogo, akasema apigwe risasi. Ombati akaomba apewe yeye. Akamlea kwa maziwa ya ng'ombe, kwa chupa ya bia iliyozibwa kitambaa mdomoni, akawa analala naye juu ya nyasi kavu. Mtoto yule hakufa.

Kwa Kizungu alipewa jina refu la malkia fulani. Masaisi, yaani watunza farasi, walimwita Sindano, kwa sababu alipenya mahali ambapo farasi wengine walisita. Kwa ajili yake Ombati aliacha ng'ombe akawa saisi, na alipotimiza miaka michache katika kazi hiyo akafanywa mkubwa wa masaisi wote wa shamba. Akajengewa nyumba karibu na zizi. Akamwoa Marcella, msichana wa misheni, wakapata mtoto wa kwanza, Elmina, kisha wa pili.

Aliyechukizwa na cheo hicho alikuwa Ojwang. Ojwang alikuwa mtu wa Nyakach, karibu na ziwa, na wakati wa vita vya Mjerumani alikuwa amechunga farasi wa jeshi mpaka ndani ya Tanganyika. Alipojiunga na shamba, Ombati alikuwa bado anakamua. Leo anaamriwa na mkamuaji. Hakuficha neno hilo. Alilisema zizini, alilisema kwenye pombe, na mara moja alilisema mbele ya Bwana Kroft mwenyewe.

Mwaka wa 1933 ikaja habari ya safari. Upande ule wa Sotik kulikuwa na shule ya bweni ya wavulana wa Kizungu, na wavulana hao walikuwa na timu ya polo, ule mchezo wa kukimbiza mpira kwa gongo refu juu ya farasi. Mtoto wa Bwana Kroft alikuwa mmoja wao, na farasi wake alikuwa Sindano. Mwalimu wao, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Filimbi kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake daima, alikuwa amepanga kuwapeleka Uganda, ng'ambo ya ziwa, wakafanye mazoezi na maofisa wa jeshi. Wazazi wakatoa farasi. Bwana Kroft akatoa farasi na masaisi pia: Ombati, Ojwang, na Kepher aliyekuwa mdogo wao.

Marcella alikuwa na mimba kubwa. Ombati alikwenda nyumba ya Bwana akasimama chini ya ngazi, kofia mkononi, akasema mkewe yuko karibu kujifungua.

"Sindano atakwenda," Bwana Kroft akamjibu. "Nani mwingine anaweza kumpandisha melini? Wewe utakwenda."

Basi wakaondoka. Waliwatembeza farasi kwa miguu kupitia Kericho, ambako misitu ilikuwa ikikatwa na michai michanga ikipandwa kwa mistari juu ya mabega ya vilima. Walifika stesheni ya Lumbwa wamelowa mpaka mifupani. Wakapanda treni ya mizigo pamoja na farasi, wakateremka nayo mpaka Kisumu kwenye joto, na huko Ombati akaliona ziwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliliona limelala kimya, rangi ya bati. Hakulipenda.

"Unaogopa," Ojwang akamwambia, akicheka. "Leo utatapika mpaka maziwa ya mama yako."

"Shika huyo farasi wako, Ojwang."

"Namshika. Nilishika farasi kabla wewe hujajua mkia uko upande gani."

Farasi waliwekwa kwenye sitaha ya chini ya meli, iliyokuwa wazi ubavuni, ndani ya vizimba vya mbao vilivyofungwa kwenye nguzo za chuma. Sindano alipewa kizimba cha mwisho, karibu na lango la kupakilia mizigo, maana hakukubali kusimama karibu na wenzake. Lango lilifungwa kwa mbao na mnyororo. Ombati aliutikisa mnyororo ule, akauona mwembamba. Akamwambia baharia. Baharia akasema mnyororo huo umefanya kazi miaka yote na utafanya leo. Meli ikaondoka jioni.

Walilala vizuri. Asubuhi walikuwa wameshapita visiwa, hakuna nchi kavu mbele wala nyuma, na Ombati alikuwa anawagawia farasi majani makavu wakati upepo ulipobadilika. Haukuanza polepole. Ulipiga kwa mara moja kama mtu anayefungua mlango kwa teke. Maji yakawa meusi, halafu yakawa meupe juu, na meli ikaanza kulalia ubavu mmoja, ikasimama kidogo, ikalalia mwingine. Farasi wakaanza kupiga kelele. Ombati hakuwa amewahi kusikia farasi saba wakilia pamoja. Akashika ubao, akatapika, akajifuta, akaendelea.

"Kepher, kaa na hao watatu wa mbele! Sema nao! Ojwang, huku!"

Kwa mara ya kwanza Ojwang hakubishana. Alikuja mbio akiteleza, akapita nyuma ya Sindano mpaka kwenye nguzo kumkazia kamba. Wimbi likaja. Meli ikainama upande wa lango, ikaendelea kuinama, na kizimba cha Sindano kikapasuka kama sanduku la chai. Farasi akateleza juu ya mbao zilizolowa, kwato zikitafuta pa kushika, mpaka matako yake yakagonga lango. Mnyororo ukakatika. Miguu yake ya nyuma ikatoka nje ya meli.

Hakuanguka, kwa sababu kamba ya shingo ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo. Lakini kamba hiyo, ilipokuwa imelegea, ilikuwa imemzunguka Ojwang kifuani na mkononi. Sasa ilikazika. Ikambana Ojwang kwenye nguzo ya chuma, na uzito wote wa farasi aliyening'inia ukawa juu ya kifua chake.

Ombati alimfikia kwa kutambaa. Akajaribu kuipenyeza mikono kati ya kamba na mwili, vidole havikuingia. Akajaribu fundo la kwenye nguzo, lilikuwa limekuwa jiwe. Kila meli ilipolalia upande ule, Ojwang alifungua mdomo na sauti haikutoka. Uso wake ulikuwa unageuka rangi. Mkono wake mmoja, ule uliobaki huru, ulikuwa unapigapiga sakafu.

Bwana Filimbi akashuka ngazi huku ameshikilia ukuta. Nyuma yake, kwenye kidirisha cha mlango, zilionekana nyuso za wavulana. Akaona kila kitu mara moja.

"Usikate!" akapaza sauti. "Ombati, usikate! Mabaharia wanaleta kapi, watamvuta! Shika hapo hapo!"

"Bwana, mtu anakufa!"

"Dakika moja! Usikate, nimesema!"

Ombati aliangalia juu, kwenye ngazi. Hapakuwa na baharia wala kapi. Alimwangalia Ojwang, na macho ya Ojwang yalikuwa yamemkazia yeye, hayamwombi, yanamtazama tu. Akachomoa kisu cha kwato kutoka kiunoni, kile kifupi kilichopinda.

Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko lolote. Sindano alikuwa anarukaruka, miguu ya mbele ikikwaruza mbao, na kila mruko uliikaza kamba. Ombati akamwita. Alimwita kwa Kikisii, kwa maneno yale yale aliyokuwa akimwambia wakati wa chupa ya bia, maneno ya kumtuliza mtoto. Sindano akamsikia. Katikati ya upepo ule akasimamisha masikio, akatulia, akamtazama, akingoja Ombati afanye kile ambacho siku zote alikuwa amekifanya, yaani kumwondoa kwenye taabu.

Ombati akakata.

Farasi alitoka kinyumenyume, akapotea chini ya maji, akaibuka. Alikuwa anaogelea. Kichwa chake kilionekana kati ya wimbi na wimbi, pua juu, akiifuata meli. Aliifuata kwa muda. Halafu mvua ikateremka na hapakuonekana kitu.

Ojwang alikuwa amelala kifudifudi, anavuta pumzi kwa sauti kama ya msumeno. Bwana Filimbi alisimama pale pale kwenye ngazi ya chini. Mabaharia wakafika na kapi lao, wakaulizana liletwe wapi.

*

Mbavu za Ojwang zilikuwa zimevunjika, na mkono wake umetoka begani. Walipofika ng'ambo alichukuliwa kwa machela hospitali. Farasi sita wakapelekwa uwanja wa polo, na mazoezi yakaanza kesho yake, maana ndiyo yaliyowaleta.

Kila asubuhi Ombati alitandika farasi, akawatembeza, akawakabidhi kwa wavulana, akasimama pembeni ya uwanja na ndoo ya maji. Maofisa waliwafundisha wavulana kupiga mpira nyuma ya farasi bila kugeuka, na kumsukuma farasi wa mwenzako kwa bega la farasi wako. Wavulana walianguka, wakainuka, wakaanza kuelewa. Siku za kwanza walifungwa vibaya. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanakimbia na maofisa bega kwa bega, na watu walitoka mjini kuja kuwatazama. Ombati aliyaona hayo yote kama mtu anayeangalia kupitia ukungu. Bwana Filimbi alimsemesha kwa mambo ya farasi tu: huyu anachechemea, yule abadilishiwe tandiko. Habari ya ziwani hakuigusa. Ombati angeshukuru kama angepigiwa kelele.

"Simu imeshapelekwa kwa Bwana Kroft," Kepher akamwambia siku moja wakiosha farasi. Kepher alikuwa amewahi kufanya kazi jikoni kwa Wazungu na alishika Kizungu kidogo. "Nimewasikia wakisema mezani. Wanasema ile ni kesi. Kuharibu mali ya mwajiri na kukataa amri. Watakufunga, Ombati."

"Wamesema hivyo, ama wewe ndiye unasema?"

"Wamesema. Sikiliza, hapa kuna viwanda vya pamba, wanaandika watu kila siku na hawaulizi umetoka wapi. Ondoka. Mimi nitasema niliamka nikakukosa."

Ombati aliendelea kusugua mguu wa farasi. Alifikiri juu ya Marcella katika ile nyumba karibu na zizi, nyumba iliyokuwa juu ya ardhi ya Bwana Kroft, na tumbo lake lilivyokuwa. "Nikiondoka, wataanza na nani?" akauliza.

Jumapili alikwenda hospitali. Ojwang alikuwa amefungwa bandeji kutoka kwapani hadi tumboni, mkono umeangikwa. Alimwona Ombati akiingia na hakutabasamu.

"Umepata nafuu, ndugu?"

"Naweza kukohoa. Daktari anafurahi sana nikikohoa." Kisha akauliza, "Yule farasi alikufa?"

"Sikuona. Alikuwa anaogelea."

"Uliambiwa usikate. Nilisikia."

"Nami nilisikia."

Ojwang akageukia ukuta, polepole, kwa sababu ya mbavu. "Sikukuomba, omera," akasema, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Kumbuka hivyo. Mimi sikukuomba."

Ombati alikaa kidogo kwenye kiti cha mbao. Aliweka ndizi alizokuwa amebeba juu ya kijimeza, akatoka. Njiani aliona hasira inampanda, akatamani arudi amtukane. Baadaye, karibu na uwanja, hasira ikamwisha, akabaki na uchovu tu.

Siku ya mwisho wavulana walicheza mechi kamili na maofisa wakatoka sare. Kulikuwa na makofi na kelele. Mtoto wa Bwana Kroft, aliyekuwa akicheza juu ya farasi wa kuazima, alishuka akamkabidhi Ombati hatamu. Kwa siku zote zile hakuwa amemtazama machoni. Sasa akamtazama. Uso wake ulikuwa mwekundu, umejaa vumbi.

"Baba atakuwa Kisumu," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Atakuja na askari."

Ombati hakujua kama hilo lilikuwa tishio au onyo. Akasema, "Ndiyo, Bwana mdogo," akamtembeza farasi ili jasho likauke.

Ziwa lilikuwa tulivu wakati wa kurudi. Alikaa karibu na farasi muda wote na macho yake yakawa yanatafuta juu ya maji, hata alipojiambia aache.

*

Bwana Kroft alikuwa amesimama gatini karibu na lori lake, na pembeni yake askari mmoja wa kofia ndefu. Wavulana waliteremka wakikimbia, halafu wakapunguza mwendo. Farasi waliteremshwa. Ombati alimteremsha wa mwisho, akamkabidhi kwa Kepher, akavua kofia.

"Ulikata kamba?" Bwana Kroft akauliza.

"Nilikata, Bwana."

"Uliambiwa usikate?"

"Niliambiwa, Bwana."

"Askari, umesikia. Mkamate."

Askari akapiga hatua moja. Ndipo Bwana Filimbi akaja katikati. Alikuwa mtu mwembamba, na siku hiyo filimbi haikuwa shingoni. Aliongea kwa Kiswahili, ingawa yeye na Bwana Kroft walikuwa Waingereza watupu, ili askari naye asikie kila neno.

"Mimi ndiye niliyemwambia asikate," akasema. "Ni kweli. Nilisema dakika moja. Kama utampeleka kortini, mimi nitaitwa kuwa shahidi. Jaji ataniuliza niliona nini. Nitamwambia kulikuwa na mtu amebanwa kwenye ile kamba, na nilimwona, na niliwaza juu ya farasi. Nitasema hivyo. Na wavulana hawa walikuwa dirishani. Wataulizwa pia."

Hakuna aliyejongea. Mtoto wa Bwana Kroft alikuwa anaangalia viatu vyake. Baba yake alimtazama, akamtazama mwalimu, na mshipa ukasimama kwenye shingo yake.

"Hakuna kesi," akasema hatimaye. Akamgeukia Ombati. "Lakini nyumba yangu si yako tena. Nitakapofika shambani, usiwepo, wala wewe wala watu wako."

Akapanda lori. Ombati alimtazama Bwana Filimbi, naye Bwana Filimbi akawa anatazama ziwa. Hawakuonana tena. Ilisemekana baadaye kwamba alirudi kwao Ulaya kabla muhula haujaisha.

Lori lina magurudumu na mtu ana miguu. Ombati alipanda njia ya Sondu mbio na kutembea, mbio na kutembea, akijua hawezi kufika kwanza. Marcella alikuwa hajajifungua alipoondoka. Huenda alikuwa amejifungua leo. Huenda ndio anajifungua sasa hivi na watu wanamtoa mlangoni. Kila alipopanda kilima alitafuta moshi upande wa Sotik, na kila moshi alioona ulikuwa wa jiko la mtu.

Aliukuta moshi wenyewe mchana wa siku ya pili. Paa la nyumba yake lilikuwa limeshaungua, kuta zimebaki nyeusi. Chini ya uzio alikaa Marcella juu ya mkeka uliokunjwa, vyombo vimemzunguka, Elmina amemshika mdogo wake. Kifuani mwa Marcella kulikuwa na kitu kilichofungwa shuka. Kilikuwa kinanyonya.

Ombati alikaa chini karibu nao.

"Mvulana," Marcella akasema. "Ana siku chache. Walinipa nafasi nikatoa vyombo." Alikuwa amelia, lakini si wakati huo. "Baba Elmina, ulifanya nini?"

Akamweleza. Alieleza yote, na ile sehemu ya kumwita farasi kwa Kikisii pia. Marcella alisikiliza bila kumkatiza, akamhamisha mtoto titi la pili.

"Huyo mtu yuko hai?"

"Yuko hai. Na ananichukia kama zamani."

Marcella akafikiri kidogo. Halafu akajiinua kwa mkono mmoja. "Basi beba hiyo sufuria," akasema, "na mkeka. Mimi nitabeba mtoto."

Walikwenda Kericho. Shamba moja la chai lilikuwa linaandika watu wa kung'oa visiki, na nyapara wake, mtu wa Kisii aliyeitwa Ogari, aliwapa chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi. Ombati aling'oa visiki, akapanda michai, na miaka ilipopita akaingizwa kiwandani, kwenye ghorofa ya kunyaushia majani, ambako kuna joto na harufu nzuri. Hakushika farasi tena. Wakubwa wa shamba walipokuja wamepanda farasi na kutafuta mtu wa kuwashikia, alihakikisha yuko mbali.

Ojwang alitokea mwaka uliofuata. Mkono wake ulikuwa haunyooki tena, na Bwana Kroft hakutaka saisi wa mkono mmoja. Hakuna aliyemwelekeza alipo Ombati; alikuwa amemuulizia mwenyewe, shamba kwa shamba. Alisimama mlangoni na kifurushi chake, akasema anasikia hapa wanatafuta mlinzi wa lango. Ombati akampeleka kwa Ogari. Akapewa lango, na akapewa chumba jirani, ukuta mmoja kati yao.

Mtu angefikiri kwamba baada ya hapo walipendana. Walikula pamoja, ndiyo, na Ojwang alimchonga mtoto wa Ombati gari la miti kwa mkono wake mmoja mzuri. Lakini kuku wa Ojwang waliingia kwenye sukuma wiki ya Marcella wiki ile ile ya kwanza.

"Kuku wako, Ojwang!" Ombati akaita kutoka mlangoni, wafanyakazi wakirudi kutoka kuchuma chai na makapu yao migongoni. "Nitamchinja mmoja!"

"Chinja," Ojwang akajibu, bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Halafu ujenge uzio. Mtu gani anapanda mboga bila uzio? Mkamuaji wewe!"

Marcella alichukua fagio akaenda kufukuza kuku mwenyewe, na wale wawili wakaendelea kubishana mpaka chakula kikaiva.